Mafuta ya Ng'ambo na Shamba Lako

Mkulima wa Kiembeni aweza kusema, "Mimi sina motokaa wala trekta. Nalima mihogo, mahindi na mchicha, nina minazi michache na ng'ombe wawili. Habari za mafuta ya petroli zanihusu nini?" Swali hili ni jema, na ninyi wakulima wa skimu za Mtwapa na Kilifi huenda mwajiuliza hivyo hivyo. Basi tulijibu pole pole, maana jambo hili lagusa mfuko wako kila siku hata kama hujashika mkebe wa dizeli mkononi.

MAFUTA YALIYOFICHIKA

Hesabu mambo ya siku moja. Trekta uliyokodi kulima shamba kabla ya masika yanywa dizeli. Gari lililopeleka mchicha wako soko la Kongowea lanywa petroli au dizeli. Vitunguu, viazi na kabichi unavyovikuta hapo Kongowea vimeletwa kutoka bara kwa malori, na kila lori limelipa dizeli njia nzima. Taa ya chemni yataka mafuta ya taa. Gesi ya mtungi unayopikia nayo huja kwa meli. Mbolea ya yurea hutengenezwa ng'ambo kwa gesi itokayo ardhini, kwa hiyo gesi ikipanda bei, mbolea hupanda pia.

Hata stima ina mafuta ndani yake. Ukinunua tokeni, soma risiti yako mpaka mwisho. Utaona malipo ya stima yenyewe, kodi, na malipo mengine ya gharama ya mafuta. Malipo hayo hupanda na kushuka mwezi kwa mwezi. Mitambo ya dizeli ikiwashwa sana, huongezeka. Mito ikijaa na mvuke wa ardhini ukifanya kazi vizuri, hupungua.

Kwa hiyo mtu asiye na motokaa hulipa mafuta mara tano au sita kwa siku bila kujua. Tofauti ni kwamba mwenye motokaa huiona bei kwenye pampu, nawe huioni.

YANATOKA WAPI, NA HULIPWA KWA NINI?

Mafuta yote ya petroli, dizeli na taa yanayotumika Kenya hununuliwa nje. Meli huyaleta gati ya Kipevu, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Changamwe. Gati mpya iliyojengwa ndani ya maji ilifunguliwa hapo mwaka 2022. Kutoka Kipevu mafuta huingia matangini, kisha husukumwa kwa bomba kwenda Nairobi na bara. Bomba la kwanza, lenye urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka 1978. Jingine jipya, lililo pana zaidi, lilianza mwaka 2018.

Wazee wanakumbuka kwamba zamani nchi ilinunua mafuta ghafi na kuyasafisha hapa hapa. Kampuni ya kusafisha mafuta iliundwa mwaka 1960 na kiwanda cha Changamwe kikaanza kazi mwaka 1963. Lakini mitambo yake ilizeeka, na mafuta yaliyotoka humo yakawa ghali kuliko yaliyosafishwa tayari nchi nyingine. Kazi ya kusafisha ikakoma mwaka 2013. Tangu hapo matangi yake hutumika kuwekea mafuta tu.

Mafuta hayo hununuliwa kwa dola. Dola hupatikana kwa kuuza chai, kahawa, maua na mazao mengine, kwa watalii wanaofika pwani yetu, na kwa fedha wanazotuma jamaa walioko ng'ambo. Maana yake ni hii: sehemu ya jasho la mkulima wa chai wa Kericho hugeuzwa dola, na dola hiyo hurudi baharini kununua dizeli. Bei ya mafuta duniani ikipanda, yatubidi tutoe mazao mengi zaidi kwa lita zile zile. Na shilingi ikishuka thamani mbele ya dola, mafuta hupanda bei hapa kwetu hata kama kule yatokako bei haikusogea.

Tangu mwisho wa mwaka 2010, bei ya juu ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita hutangazwa kila mwezi tarehe 14. Humo mna bei ya kununulia, nauli, faida ya wauzaji na kodi. Kodi ni sehemu kubwa, na haifai kulificha jambo hilo. Mwezi wa Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Mwezi wa Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ulitoka shilingi 18 ukawa 25 kwa lita. Mombasa hupata bei nafuu kidogo kuliko Nairobi, kwa sababu iko karibu na meli.

MIAKA ILIYOTUFUNZA

Mwezi wa Oktoba 1973 kulizuka vita Mashariki ya Kati, na nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao yasiende kwa baadhi ya nchi. Pipa moja lililokuwa likiuzwa dola 3 hivi, lilifika karibu dola 12 mwanzo wa mwaka 1974. Kenya haikuwa na ugomvi wowote katika vita hivyo, lakini iliilipa bei ile kama wengine wote. Mwaka 1979 mambo yakajirudia baada ya mapinduzi ya Iran. Mwaka huo huo Wizara ya Nishati iliundwa hapa nchini, ili kazi hii iwe na mwenyewe.

Somo jingine lilikuja kutoka mbinguni. Baada ya ukame ulioanza mwaka 1999, mabwawa ya mto Tana yalipungua maji, na mwaka 2000 stima ikagawiwa kwa zamu. Viwanda vilisimama, nyumba zikakaa gizani, na mitambo ya dizeli ikakodiwa kwa gharama kubwa.

La karibuni twalikumbuka sote. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, mafuta na mbolea vilipanda kwa pamoja. Mfuko wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000. Serikali ililipa sehemu ya bei, na mwezi wa Septemba mwaka huo ikaushusha hadi shilingi 3,500, na baadaye 2,500. Mwezi wa Machi 2023, dola zilipokuwa adimu, Serikali ilipatana na kampuni tatu za Saudi Arabia na za Falme za Kiarabu zituletee mafuta nasi tulipe baada ya miezi sita. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Kununua kwa mkopo kwampa mtu nafasi ya kupumua, lakini deni ni deni. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

NCHI ILITAFUTA NGUVU NYINGINE

Nchi yaweza kupunguza mafuta ya kigeni kwa njia moja tu iliyo ya kweli, nayo ni kuweka nguvu nyingine mahali pa mafuta, kazi moja baada ya nyingine. Kazi ya kwanza iliyofaa kubadilishwa ni ya kuzalisha stima.

Maji yalitangulia. Kwenye mto Tana mitambo ilijengwa mmoja baada ya mwingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Lakini mto hutegemea mvua, na ukame tumekwisha kuutaja.

Mvuke ukafuata. Huko Olkaria karibu na Naivasha, mawe ya chini ya ardhi ni moto sana. Maji yaliyomo kati ya mawe hayo huchemka, na kisima kikichimbwa, mvuke hupanda juu kwa nguvu na kuzungusha mtambo wa stima. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa mwaka 1956, lakini mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza mwaka 1981. Angalia: ilichukua miaka 25. Leo mvuke ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi ya stima ya Kenya kuliko kitu kingine chochote, nao haujali masika wala kiangazi. Upepo umeongezwa kule karibu na ziwa Turkana, ambako minara 365 ilianza kutoa stima mwaka 2018. Nguvu ya jua nayo inavunwa Garissa tangu mwaka 2019. Kwa jumla, karibu sehemu tisa katika kumi za stima ya nchi hutoka kwa vitu visivyochomwa mafuta.

Je, sisi wa pwani tulipata nini? Kwa miaka mingi stima yetu ilitegemea sana mitambo ya mafuta iliyo hapa hapa: ile ya Kipevu, ambako mtambo wa megawati 120 uliongezwa mwaka 2011, na ule wa Rabai wa megawati 90. Olkaria iko mbali, na waya zilizokuwapo hazikuweza kubeba nguvu ya kutosha. Mwaka 2017 laini kubwa ya kilomita 482 ilikamilika kutoka upande wa Nairobi hadi Rabai. Ndipo mvuke wa Naivasha ulipopata njia pana ya kufika pwani. Mitambo ya mafuta haikuondolewa yote. Bado huwashwa hasa jioni, watu wote wanapowasha taa na kupika kwa wakati mmoja.

Malori, meli na ndege ni habari nyingine. Hivyo vingali vikienda kwa mafuta ya ng'ambo. Na jikoni, hasa shamba, nguvu kubwa ni kuni na makaa. Kwa hiyo kazi haijaisha.

NA MAFUTA YA TURKANA JE?

Ni kweli, mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana katika kisima kiitwacho Ngamia 1. Mwaka 2019 meli moja ilipakia mafuta hayo Mombasa na kwenda kuyauza nje, nayo yalikuwa yameletwa kwa malori kutoka huko mbali. Mafuta hayo ni mazito kama nta, na yakipoa huganda, hivyo bomba lake lahitaji kupashwa moto njia nzima. Tena nchi haina kiwanda kinachosafisha. Hata kisima kikitoka kwetu, lita itakayoingia katika trekta itanunuliwa kwa bei ya dunia. Mkulima asingoje Turkana ndipo apange mambo ya shamba lake.

JIHADHARI NA MBONO KABURI

Kabla ya kushauri la kufanya, tukumbushe lisilofaa. Miaka ya 2006 hadi 2009, bei ya mafuta ilipopanda, watu wengi walipita vijijini wakisifu mbono kaburi. Walisema mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea magari, kwamba mti huo hukubali ardhi kavu, hauna wadudu, na mkulima atatajirika bila jasho. Wakulima wengi, pamoja na wa pwani, waling'oa mazao yao wakaupanda.

Wataalamu wa misitu na kilimo walipokwenda kuhesabu mashambani mwaka 2009, waliona mambo mengine. Mti haufi upesi katika ardhi kavu, lakini hauzai vya kutosha. Wadudu upo nao, tena wengi. Mavuno hayakulipa hata kazi ya kupalilia. Wakashauri kwamba mkulima mdogo asiupande ila uwe ua wa kuzungushia boma. Tena mbegu zake ni sumu kwa watoto na mifugo.

Basi akija mtu leo na mbegu za mbarika au za mmea mwingine wa mafuta, usimfukuze, lakini muulize maneno manne. Nani atanunua, na yuko wapi? Je, bei imeandikwa katika mkataba? Nani katika jirani zetu amevuna misimu miwili akalipwa? Na nikishindwa, shamba langu litanilisha nini? Usipande mmea wa kuendeshea motokaa za watu mahali pa mihogo ya watoto wako.

LA KUFANYA SHAMBANI

1. Pampu ya maji. Wengi wenu humwagilia mboga wakati wa kiangazi, kuanzia Januari hadi Machi, kwa pampu ya petroli au dizeli. Fanya hesabu. Tuseme pampu yako yanywa lita 2 kwa siku, nawe huiwasha siku 20 kwa mwezi. Hizo ni lita 40. Ikiwa lita ni shilingi 170, walipa shilingi 6,800 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu shilingi 20,400, mbali na oili na matengenezo. Weka hapo bei ya mwezi huu na lita za pampu yako mwenyewe, kisha linganisha na bei ya pampu ya jua. Utajua ni misimu mingapi itakayojilipa. Ikiwa ni mingi mno, wakulima watatu au wanne waweza kununua moja kwa ushirika.

Lakini sikiliza onyo hili, maana ni kubwa kwetu tulio karibu na bahari. Pampu ya dizeli huzimwa upesi kwa sababu mafuta ni ghali. Pampu ya jua haimdai mtu kitu, hivyo huachwa ikivuta mchana kutwa. Chini ya mashamba yetu maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu sana kupona. Jua ni la bure, lakini maji si ya bure. Weka tangi, vuta kiasi unachohitaji, funga. Tia matandazo ya nyasi au makuti kwenye matuta ili udongo usikauke. Na kila wiki uyaonje maji. Yakianza kukolea, punguza mara moja.

2. Gesi ya samadi. Mwenye ng'ombe wawili wanaofungwa zizini aweza kupata gesi ya kupikia. Samadi ya debe moja, yaani kilo 20 hivi, huchanganywa na maji kiasi hicho hicho na kutiwa kila siku katika mtambo uliofungwa hewa isiingie. Humo huoza na kutoa gesi, na uji unaotoka upande wa pili ni mbolea nzuri kwa migomba na mboga. Kwa hiyo mtambo mmoja wapunguza mtungi na mfuko wa mbolea kwa pamoja. Mahali ambapo jiwe la matumbawe liko karibu na uso wa ardhi, kuchimba shimo ni gharama. Hapo mtambo wa mfuko mzito wa plastiki, unaolazwa katika handaki fupi, wafaa zaidi. Uweke mbali na kisima. Ikiwa ng'ombe wako huchungwa nje kutwa, samadi haitatosha, usipoteze fedha.

3. Jiko na kuni. Jiko lenye udongo uliochomwa ndani yake lilianza kuenea Kenya mwanzo wa miaka ya 1980. Hutumia makaa kidogo sana kuliko jiko la bati tupu, maana udongo hushika moto usipotee pembeni. Pamoja na jiko, panda miti yako. Majirani zetu wa Bamburi wametuonyesha: mwaka 1971 miti ilianza kupandwa katika machimbo ya saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu. Aina 26 zilijaribiwa, na mvinje ukawa mmoja kati ya michache iliyostahimili. Mti unaoota kwenye jiwe hautashindwa mpakani mwa shamba lako. Utakupa nguzo za kuuza, na matawi ya kupikia.

4. Mbolea. Changanya mahindi na kunde au mbaazi. Mizizi yake hurudisha katika udongo chakula kile kile kinachouzwa ndani ya mfuko wa yurea. Usichome majani. Yafanye mboji. Bwana Shamba atakuonyesha vipimo.

5. Soko. Shamba lililo karibu na Kongowea lina faida ambayo mkulima wa bara hana. Dizeli ikipanda, kabichi yake hupanda bei njiani, na mchicha wako haupandi. Lima vitu vinavyoharibika upesi, ambavyo lori la mbali haliwezi kuvileta vikiwa vibichi: mchicha, kunde za majani, bamia, mnavu, maziwa. Pelekeni kwa pamoja, gari moja lililojaa badala ya magari manne nusu tupu.

UAMUZI NI WAKO

Haifai kusema kwamba mkulima aache mafuta kabisa. Trekta ikifika kabla ya mvua ya masika, dizeli yake imefanya kazi njema, na mgonjwa akipelekwa hospitali usiku, petroli haina bei. Jambo lenyewe ni kuyaweka mafuta kwa kazi ambazo hakuna kitu kingine kiwezacho kuzifanya, na kuyaondoa pale ambapo jua, samadi, mti au jirani aweza kushika zamu.

Olkaria ilichukua miaka 25 tangu kisima cha kwanza hata stima ya kwanza. Shamba lako halihitaji muda huo. Mwezi huu anza na kazi moja tu: chukua daftari, andika kila shilingi iliyokwenda kwa mafuta, gesi, makaa, nauli na mbolea ya dukani. Mwisho wa mwezi utaona mahali ambapo fedha nyingi zaidi zinatoka. Anzia hapo.